Gari la Yokohama na gari la Tabata

Swali: Shikamoo fundi. Nina Toyota 86 ya mwaka 2013, gia za mkono, niliyoiagiza Japani miaka miwili iliyopita baada ya kuitamani tangu nikiwa chuo. Haijanisumbua. Lakini kila usiku mke wangu akishalala najikuta nimeshika simu natazama magari mengine: jana Nissan Fairlady Z, juzi Porsche Boxster, wiki iliyopita Mazda RX-8 kwa sababu bei yake ni ya kutupa. Dalali nimeshampigia mara tatu kuuliza yangu itaenda shilingi ngapi. Nina akiba kidogo. Niuze, niongezee, nichukue kubwa, au nimeshakuwa mgonjwa? Na mke wangu nimwambie? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kama huo ni ugonjwa, basi gereji yangu ni wodi. Katika miaka yote niliyolala chini ya magari ya watu, simkumbuki mteja wa gari la raha ambaye kwenye simu yake hamna gari la pili. Mwenye Altezza anatazama Subaru, mwenye Subaru anatazama Z, mwenye Z anatazama Boxster, na mwenye Boxster mmoja ninayemfahamu anatafuta Altezza safi kama ile aliyoiuza. Sikutanii. Wenye Noah na IST hawaji na habari hizo. Wao gari wakishanunua wamenunua, watalitazama tena siku likigoma kuwaka.

Noah hununuliwa kwa kazi. Watoto wapo, mizigo ipo, harusi za ukoo zipo, na kwa kuwa kazi ipo kila siku, kila siku gari linamwambia mwenyewe kwamba hakukosea. La kwako ulilinunua kwa ajili ya raha ya kuendesha. Sasa niambie, raha hiyo unaipata saa ngapi? Asubuhi unatoka Tabata, foleni unaikuta Buguruni, gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza tena. Barabara ikifunguka kuna matuta, na bampa la 86 liko chini kama kidevu cha mtu aliyelala. Matuta yakiisha kuna trafiki na tochi, 51 kwenye eneo la 50, elfu thelathini. Unafika nyumbani saa mbili usiku mguu wa klachi unauma. Raha uliyoilipia haijatoka hata kidogo, ndipo unapoitafuta kwenye simu, maana huko hakuna foleni.

Norbert Schwarz, mwanasaikolojia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Michigan, aliwahi kulichunguza jambo hili na wenzake, akiwamo Daniel Kahneman. Ukimuuliza mtu kwa jumla gari lake linampa raha kiasi gani, mwenye gari la bei kubwa anajibu raha kubwa. Ukimuuliza alijisikiaje safari ya mwisho aliyoendesha, bei ya gari haionekani tena kwenye jibu. Raha ya gari huja pale unapolifikiria gari, na ukiwa barabarani mara nyingi unafikiria mengine kabisa. Mimi niliposoma habari hizo nilicheka, kwa sababu ndiyo yale yale ninayoyaona gereji. Na wewe saa tano usiku unafikiria gari gani? La watu.

Hapo ndipo penye mtego wako. Unalinganisha gari la Tabata na gari la Yokohama, kule Japani. Lile la kwenye simu limepigwa picha yadi, sakafu ya zege imefagiwa, gari limeoshwa asubuhi hiyo hiyo, tairi zimepakwa dawa zinang'aa. Picha haina mlio wala harufu. Lako unalijua mpaka ndani ya mifupa: bushi ya mbele kushoto inayolia ukiacha lami kuingia mtaani kwenu, mchubuko uliopata kwenye geti, usukani uliokwanguka pale kidole gumba kinapokaa. Z unayoitazama nayo ina yake, ila hujaambiwa. Ikishuka bandarini ikapigwa masika moja tu, nayo itakuwa gari la Tabata, na wewe utarudi kwenye simu.

Kabla hujampigia dalali mara ya nne, fanya hivi. Jumamosi asubuhi osha gari lako vizuri, lipeleke kwenye kivuli, chukua karatasi na kalamu, uliandikie karatasi ya mnada. Umeagiza Japani, kwa hiyo karatasi hizo, ambazo mkaguzi wa mnada huandika hali ya gari, unazijua. Daraja huanzia S na 6 kwa gari lililo kama jipya, zinashuka 5, 4.5, 4, 3.5 na kuendelea, na R ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Pembeni kuna mchoro wa gari na alama zake: A ni mkwaruzo, U ni sehemu iliyobonyea, W ni paneli iliyonyooshwa ikapakwa rangi na jicho zuri linaona mawimbi, XX ni paneli iliyobadilishwa. Namba inayofuata herufi ndiyo ukubwa, A1 hata huioni mpaka uiname, A3 unaiona ukiwa ng'ambo ya barabara. Zunguka gari na tochi ya simu kama mkaguzi wa mnada asiyekujua wala hana haja na wewe. Lala chini. Fungua boneti injini ikiwa ya baridi. Piga magoti usome tairi: ubavuni kuna kiduara kirefu chenye tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka.

Nakisia itasomeka hivi. Toyota 86 GT, 2013, gia sita za mkono, kilomita tisini na kitu elfu, daraja 4, hali ya ndani B. Bampa la mbele A3 kwa chini, sababu matuta. Mlango wa kushoto U1. Tairi nne zote 2216. Shokapu za nyuma zina jasho la oili. Injini kavu, klachi inashika juu kidogo, hakuna taa ya onyo kwenye dashibodi.

Sasa isome usiku, saa ile ile ya ugonjwa wako, kama tangazo la mtu mwingine. Ungelipigia simu gari hilo. Huenda ungeomba upunguziwe kwa ajili ya tairi, lakini ungelipigia.

Na hizo tairi ndizo zimenifanya niandike jibu refu. Magari mengi ya Japani hushuka bandarini na tairi zilizobakiwa na kashata za kutosha lakini mpira wake umeshakufa. Mwenye gari anaziona nene, anaziacha. Tairi ya wiki ya 22 mwaka 2016 ni jiwe. Ongeza shokapu zilizochoka na bushi zilizochanika, basi unachokiendesha ni umbo la 86 tu. Bahati mbaya gari halichoki siku moja ukashtuka. Linachoka kidogo kidogo na wewe ukiwa ndani, mpaka siku moja unasema "hili gari limenichosha", kumbe shokapu ndiyo iliyochoka. Nimeshawahi kumbadilishia mtu tairi nne, shokapu nne na bushi za mbele, akatoka kujaribu, akakaa dakika arobaini. Aliporudi hakuniambia kitu, ila tangazo lake la kuuza lilitoweka jioni ile ile.

Lakini sitaki nikufanye mtoto, nikuambie gari lako halina kasoro. Lina kasoro moja ambayo hukuitaja na nina hakika unaisikia kila siku. Ukikanyaga ikiwa gia ya tatu, mshale wa mizunguko ya injini ukipita 3,500 hivi, gari linakuwa kama limekumbuka jambo, linasita, halafu karibu na 4,500 linaamka tena. Umewahi kudhani ni plagi? Ndivyo lilivyozaliwa. Injini ya FA20 ya kizazi kile ina shimo la tork, yaani nguvu ya kuvuta gari, hapo katikati, na kilele cha nguvu hiyo, Nm 205, kiko juu kabisa, mizunguko 6,400 kwenda mbele. Wenyewe Toyota na Subaru kizazi cha pili cha mwaka 2021 walikitoa na lita 2.4 na Nm 250 zinazopatikana tayari kwenye 3,700, yaani waliziba shimo. Foleni ya Dar inaishi kati ya 1,500 na 4,000, palepale ambapo gari lako ni dhaifu. Kwa hiyo ukisema "naona kama halina nguvu" hukosei, ila umelifungia kwenye chumba kibaya cha nyumba yake.

Shimo hilo hupunguzwa kwa kubadilisha kichwa cha ekzosi, zile bomba nne zinazotoka kwenye injini, pamoja na kupangiwa kompyuta upya na mtu anayejua kazi. Sisitiza anayejua. Injini hii mgandamizo wake ni 12.5 kwa 1 na kwao hutiwa petroli ya oktani ya juu. Mtu akikupangia ramani aliyoipakua kwa ajili ya petroli ya nchi nyingine, utasikia kokoto zikigonga ndani ya injini ukipanda kilima, na kokoto hizo zina bei.

Lingine, usiache hata kama utaamua kuuza: mwaka 2018 magari ya mwanzo ya aina hii, Toyota 86 na Subaru BRZ, yaliitwa kurudi kiwandani kwa sababu ya springi za valvu zinazoweza kukatika. Lako la 2013 linaweza kuwa mojawapo. Chukua namba ya chesesi inayoanza na ZN6, iingize kwenye ukurasa wa Toyota Japani wa kuangalia magari yaliyoitwa, au mtumie aliyekuuzia akuangalizie. Kazi yenyewe ni kubwa, injini hushushwa. Ndiyo maana ukijua mapema kama ilifanyika au la, hutabishana na mnunuzi baadaye.

Tuje kwa hao watatu wa usiku.

Fairlady Z, nadhani unaizungumzia Z34, ile yenye injini ya cc 3,696. Ni gari la haki. Nguvu yake iko chini, ukigusa tu imeondoka, na kwenye foleni zetu itakuridhisha kuliko 86. Nakubali bila kukunja uso. Silinda ndogo ya klachi wameiweka ndani ya gia boksi, ikivuja klachi inazama chini na hairudi, na kuifikia lazima gia boksi ishuke. Anayekuuzia akikwambia "klachi nimebadilisha", muulize kama na hiyo silinda iliguswa siku ile. Asipoelewa swali, umeshapata jibu. Viti ni viwili tu. Ukirudi kinyumenyume huoni kitu.

Boxster ina mstari mmoja wa kuchora, mwaka 2009. Za kabla ya hapo injini zake zina beringi ya shafti ya kati, mashuhuri kwa ubaya, ikifa inaondoka na injini nzima. Zilizotoka 2009 kwenda mbele zilikuja na injini nyingine isiyo na beringi hiyo. Bei rahisi unazoziona usiku ni za upande ule wa kwanza, na ndiyo sababu ni rahisi. Tazama pia picha ya ndani vizuri, maana Wajapani wengi walipenda gari la Ulaya liwe na usukani wa kushoto, na mtu aliyelewa picha ya nje haoni usukani uko wapi. Spea zake Ilala hutazikuta zimening'inia, utaagiza, utasubiri, na gari litakuwa limeegeshwa kwangu likichukua nafasi ya Noah tatu.

RX-8. Hii ndiyo inayoua vijana, na inaua kwa hesabu. Injini yake ya rotari, yenye rota zinazozunguka badala ya pistoni, inahesabiwa cc 1,308, basi kwenye ushuru wa bidhaa inaingia kundi la magari madogo, na bei ya Japani ni ndogo, na umbo ni zuri, na ina milango midogo ya nyuma inayofunguka kinyume, mtu anaona ameokota. Injini hiyo inakula oili kwa kubuniwa kwake, kila unapotia mafuta na oili unapima. Ukiiwasha ya baridi ukaisogeza mita mbili jirani apite, ukaizima hapo hapo, inaweza kufurika petroli ikagoma kuwaka tena. Sili za ncha ya rota zikichakaa mgandamizo unashuka, na kipimo cha kawaida cha fundi wa mtaani hakisomi mgandamizo wa rotari sawasawa, kinatakiwa kipimo chake. Anayeipenda kwa kuijua namheshimu. Wewe umeniambia mwenyewe unaitazama kwa sababu ya bei.

Tupige hesabu, maana usiku hesabu hulala pamoja na mke. Chukua Z34 ya 2009, tuseme thamani yake mpaka bandari ya Dar ni dola 10,000. Ushuru wa forodha asilimia 25, umefika 12,500. Juu ya hiyo 12,500 kuna ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa kuwa injini imezidi cc 2,000, dola 1,250. Gari limezidi miaka kumi, kwa hiyo kuna ushuru wa uchakavu asilimia 30 juu ya ile ile 12,500, dola 3,750. Jumla 17,500. VAT asilimia 18 juu yake, 3,150. Umesimama kwenye 20,650 kabla ya tozo ndogo ndogo, wakala, bandari, usajili na bima kubwa. Kodi peke yake imelizidi gari. Na usidhani ukipata la bei poa umepona: TRA wana thamani zao kwenye kikokotoo chao, risiti yako ya bei ya kutupa hawaiangalii. Viwango huweza kubadilika kwenye bajeti ya Juni, pitia kikokotoo hicho siku unayotaka kulipa, siyo siku unayoota.

Kodi kama hiyo, mdogo wangu, umeshailipa mara moja kwa 86. Ukiuza, mnunuzi hakurudishii. Atasoma namba yako ya gari kwanza kabla hajafungua boneti, aone ni herufi gani, halafu atasema gia za mkono mke wake hawezi, halafu atasema milango miwili. Dalali naye atakwambia neno ambalo kila mwenye gari kama lako ameshaambiwa: "Bosi, hii ina mtu wake." Maana yake ukae usubiri, na ukichoka kusubiri upunguze. Tairi, shokapu, bushi, oili zote na breki, ukizijumlisha, kwa ninavyoziona bei gereji kwangu, hazifiki robo ya ile kodi ya Z.

Nami nisijifanye mtakatifu. Mwaka 2011 nilikuwa na Altezza RS200 ya rangi ya fedha, gia sita, injini inayopenda kuimba karibu na mstari mwekundu. Haikuwa na ubaya wowote. Nikaona gari jingine lenye turbo, nikalitazama wiki tatu, nikauza Altezza kwa bei ya mtu mwenye haraka, nikachukua la turbo. Miezi miwili nilikuwa mfalme. Mwezi wa tatu nikaanza kutazama Altezza. Siku moja, Mwenge, nimekaa kwenye foleni, ikanipita polepole upande wa kushoto, stika yangu ndogo ya nyuma bado imo, kona ya chini ya kioo, na kijana aliyekuwa ndani amefungua dirisha anapiga vidole kwenye mlango. Nilitaka kumpigia honi nimwambie gia ya tatu haipendi kuharakishwa ikiwa ya baridi. Sikupiga.

Kuna wakati wa kuuza, usinielewe vibaya. Mtoto akija, kiti chake kitaingia nyuma ya 86, ila mama yake hatakuwa na pa kukaa kwa starehe karibu naye, na hapo hata mimi nitakusaidia kutafuta mnunuzi. Kama kazi imekuhamishia sehemu ya vumbi na makorongo, uza. Kama ukilitengeneza likawa sawasawa, ukaliendesha inavyotakiwa, na bado moyo umekaa kwenye Z ile ile moja kwa mwaka mzima, uza bila aibu, wewe ni mtu wa Z. Angalia nilichosema: Z ile ile. Wewe kwa wiki moja umetaja tatu ambazo hazifanani kwa lolote, moja ya injini mbele yenye nguvu za chini, moja ya injini katikati, moja ya rotari. Mtu anayejua anachokitaka hatawanyiki hivyo.

Kuendesha inavyotakiwa, wapi? Si Mandela Road. Ondoka Jumapili alfajiri, au lala njiani, pita Chalinze, Segera, Korogwe, ufike Mombo, kata kulia upande Soni mpaka Lushoto. Ni kilomita thelathini na kitu za lami nyembamba inayojinyonganyonga ubavuni mwa Usambara, mto uko chini, migomba iko juu. Gia ya pili, mizunguko 5,000, mwendo wako ni kama 65 tu, na hapo ndipo gari lako lilipo. Hiyo ndiyo siri ya 86 inayowapita wengi: raha yake inaanza kwenye mwendo ambao kibali cha kuishi bado unacho. Toyota waliitoa GT na tairi za 215 kwa makusudi, nyembamba, ili iongee mapema na kuteleza kwa adabu. Piga honi kwenye kona, kuna mabasi na watu wa sokoni, na usishindane na mwenye pikipiki wa Soni, anaijua barabara kuliko mama yake. Kabla ya safari hiyo, hapo mjini, omba upewe usukani wa Z ya mtu, hata nusu saa, vijana wa magari haya wanakutana na si wachoyo. Halafu urudi uniambie.

Simu usiitupe. Kutazama magari ni kama kutazama mpira, hakuna aliyewahi kuuliza mshabiki wa Simba kama anataka kununua timu. Ila kutazama na kumpigia dalali ni vitu viwili. Ukimpigia umeshamwajiri. Sasa hivi namba yako iko kwake imeandikwa "86 Tabata anauza", na wiki ijayo atakupigia yeye: bosi, kuna mtu Arusha ana hela mkononi, anataka jibu leo. Hakuna mtu Arusha. Mwambie gari limeondoka sokoni, akuandike hivyo.

Na mke wako, mwambie. Usimwambie kama mtu anayeungama, mpe ile karatasi ya mnada aisome umpe na kalamu. Yeye ndiye anayekaa kiti cha kushoto kila siku, redio ikiwa imezimwa kwa sababu wewe unasikiliza injini, na nina shaka alama mbili tatu umezisahau. Muulize ile bushi ilianza kulia kwenye tuta lipi. Atajua.